Ng'ombe Asiyetajwa Mwenyewe

Pamatongo, Merikit
6 Februari 2024

Shemeji Maloba,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Barua hii analeta Specioza, yule anayeuza vitunguu soko la Buteba. Jibu umpe yeye mkononi. Usinipigie simu. Simu yangu ikilia hapa nyumbani Owori huichukua kwanza, anaangalia ni nani, ndipo ananipa.

Unajua mwenyewe mambo yalivyo tangu tumzike mume wangu Odwori. Owori ni kaka mtu, na ndiye anayetembea na funguo. Yeye na ndugu zake waligawana yale madume mawili ya kulimia, wakachukua baiskeli, wakachukua hata mabati niliyoyaegemeza ukutani. Aliyebaki ni yule ng'ombe mwekundu aliye kwako, na amebaki kwa sababu hawamjui. Nilimnunua kwa samaki wangu wa kukausha, Odwori akamleta kwako, nawe ulituambia: maziwa yangu, ndama wenu, na jina la mwenyewe halitatoka hapa. Hujawahi kuvunja neno hilo.

Sasa sikiliza. Kuna bibi mmoja kule Mella, anaitwa Lillian, hana mtoto wala mjukuu wa kumlimia. Amekubali kunipa kipande cha shamba, kuanzia njiani hadi kwenye mvule, mbele ya mwenyekiti wa kijiji chao. Anataka yule ng'ombe akiwa na ndama wake. Nikipata kipande hicho nitajenga, nitamchukua Jovia wangu, na Owori abaki na funguo zake. Ila bibi hatangoja mvua za kupanda zipite. Kuna mwalimu anakitaka kipande hichohicho.

Ulisema ana mimba kubwa. Niandikie ana hali gani.

Shemeji yako,
Damalie Akumu


Nasirika, upande wa Buteba
13 Februari 2024

Mama Jovia,

Salamu nimepata. Ng'ombe yuko hai.

Usije kwanza. Mambo ya hapa yamebadilika kidogo, nayashughulikia. Nikimaliza nitakuandikia. Mwambie huyo bibi asimpe mwalimu.

Maloba


Pamatongo
20 Februari 2024

Maloba,

"Yuko hai" ni jibu gani? Hivyo ndivyo watu wanavyojibu wakiulizwa habari za mgonjwa aliyekata kauli.

Specioza anasema alisimama uani kwako akingoja uandike. Aliona kigingi, aliona kipande cha kamba kimekatwa kwa kisu, ng'ombe hakumwona. Alipomuuliza mke wako, mke wako aliingia jikoni.

Kama umeuza, sema umeuza. Kama wanao wamekulazimisha, sema. Owori alichukua vyangu mchana, mimi nimesimama mlangoni, na nilimwona uso. Wewe unanichukulia kwa barua ya mistari minne. Sikujua kwamba ningekuja kumwona Owori kuwa mtu wa afadhali.

Damalie


Nasirika
24 Februari 2024

Mama Jovia,

Maneno yako nimeyasoma mara mbili. Una haki. Nilitaka kumrudisha kwanza ndipo nikuambie kwamba alikuwa ameondoka.

Mwaka jana walituingiza kwenye mji. Hatukuhama, hatukujengewa kitu, kisima ni kilekile na njia ni ileile ya matope. Ila siku hizi tuna kanso, yaani halmashauri ya mji, kanso ina askari wake, na askari wana gari. Kazi ya kwanza ya mji wetu ilikuwa kununua gari la kukamatia vitu vya watu. Wamekamata meza za akina mama wanaouza nyanya, wamekamata mbao za fundi, wamekamata masufuria yakiwa bado na maharage. Sheria ndogo inasema mnyama asionekane kando ya barabara.

Ng'ombe wako alikuwa ndani ya ua wangu. Nasema ndani. Walisema barabara itapanuliwa siku moja, kwa hiyo nusu ya ua wangu ni barabara tayari. Mkubwa wao ni kijana mmoja wanamwita Afande Paddy. Aliruka ua na kisu mkononi.

"Mzee, hii ng'ombe ni ya nani?"

Nikamwambia, "Si wangu. Ni wa mtu."

"Mtu gani?"

"Mwenyewe simtaji."

Wenzake wakacheka. Akasema, "Sikieni mzee! Ng'ombe imejizaa yenyewe." Kisha akasema kwa sauti ya kazi, ili majirani wasikie, "Basi haina mwenyewe. Andika: haina mwenyewe." Akakata kamba.

Sasa nitakuambia kosa langu, maana nimelijua baadaye. Kwao mnyama mwenye mtu hutozwa faini, anarudi. Mnyama asiye na mtu hukaa kwenye zizi lao muda wa notisi, kisha anauzwa kwa mnada. Ningesema "wangu" ningelipa, nikarudi naye jioni ileile. Lakini Mama Jovia, wewe umeolewa na watu wanaoachiana ng'ombe, unajua. Mtunzaji akisema "wangu" mbele ya watu, ameiba. Baba yangu alitunza ng'ombe wa watu hadi kufa kwake, na hata alipokuwa mgonjwa, watu wakamjia na maswali, hakutaja. Kinywa changu hakikujua kusema neno lingine.

Nimekwenda ofisini kwao mara nyingi. Wananiambia, wewe si mwenyewe, umesema kwa mdomo wako. Unadai nini?

Maloba


Pamatongo
1 Machi 2024

Shemeji,

Nimekutukana bure. Nisamehe, ingawa nawe ulifanya vibaya kunificha.

Nilipomaliza kusoma nilitoka nje nikatema mate. Nimezoea wezi wa ukoo. Huyo wa ukoo angalau husema "marehemu alikuwa ndugu yangu." Hawa wanaruka ua wa mtu, wanamuuliza swali, halafu jibu lake wanaligeuza kisu. Na tunawalipia petroli.

Nimekwenda Tororo mjini kwa Loy, dada anayesaidia wajane katika ofisi ya msaada wa sheria. Amenisikiliza hadi mwisho. Amesema kanso inayo nguvu ya kukamata mnyama, lakini nguvu hiyo haikuumbwa bila mipaka. Lazima waseme wamekamata nini, wampe mtu nafasi ya kudai chake, na watunze walichokamata. Amesema pia kwamba ng'ombe niliyemnunua kwa jasho langu si urithi wa mtu.

Kwa hiyo nakufungua kinywa. Nitaje. Nenda ukawaambie ni wa Damalie Akumu, mjane wa Odwori, wa Pamatongo. Sema mbele ya mtu yeyote. Najua Owori atasikia. Asikie.

Bibi Lillian ameanza kuniuliza kwa macho. Mawingu yamekaa upande wa Mlima Elgon kila jioni.

Damalie


Nasirika
8 Machi 2024

Mama Jovia,

Nilikutaja. Nilikwenda na mke wangu awe shahidi. Afande Paddy alikuwa anakula mkate na chai, ya maziwa mengi.

Nikasema, "Afande, ng'ombe yule mwekundu ni wa Damalie Akumu wa Merikit."

"Leo ndio amepata mama? Juzi hakuwa na mtu."

"Amenipa ruhusa ya kumtaja."

"Mzee, mimi sifanyi kazi na ruhusa. Huyo mama alete barua ya mwenyekiti wa kijiji chake, yenye muhuri, iseme ng'ombe ni yake. Merikit ni wilaya ya Tororo, mimi nitajuaje watu wa Tororo?"

Nikamuuliza mke wangu mwenyekiti wa kijiji chako ni nani, akanikanyaga mguu. Ndipo nikakumbuka ni Owori.

Kuna jingine na sitakuficha tena. Ng'ombe wako alizaa humo zizini. Ndama jike, mwekundu kama mama yake, ana doa jeupe kwenye paji. Zizi lao liko nyuma ya jalala la soko. Ng'ombe wanasimama kwenye maji meusi, wanatafuna makavera, ile mifuko ya plastiki, na maganda ya mayai. Maji ya kunywa hawapewi mpaka mwenye mnyama alete ndoo yake, na wako hakuwa na mwenye. Nilimletea. Askari mmoja alikuwa amechuchumaa akimkamua, anapuliza povu pembeni ya kikombe. Ile chai ya mkubwa wao niliielewa hapo.

Ndama hakuwepo. Nikauliza. Afande alinijibu mbele ya wanawake wa nyanya waliokuwa wamefuata meza zao: "Ndama gani? Sisi tulikamata ng'ombe moja. Ndama hatumjui." Wanawake wakatazamana. Watatu wao walimwona mke wa askari akimvuta ndama kwa kitenge, asubuhi, kweupe kabisa.

Mimi ni mtu wa kula chochote, lakini siku hiyo sikula.

Maloba


Pamatongo
15 Machi 2024

Shemeji,

Nilikwenda kwa Owori kama mtu anayeomba moto. Nilimkuta na wazee wawili, pombe ya ajono imeshatiwa maji ya moto, mirija mikononi. Nikasema yote mbele yao: nilinunua ng'ombe, yuko Buteba, amekamatwa, naomba barua.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliutoa mrija mdomoni taratibu akasema, "Kumbe mke wa ndugu yangu ni tajiri, na mimi sijui." Wazee wakacheka. "Miaka hii yote tunakuhurumia, unakula kwetu, na ng'ombe anakunywa maji ya Wasamia!"

Nikamwambia, "Sili kwako. Ninalima."

"Unalima shamba la nani?"

Akaniambia barua ataandika, ila ataiandika kama ukweli ulivyo. Ng'ombe wa marehemu ni wa ukoo, na ukoo ndio yeye. Amesema Jumanne ijayo atakwenda mwenyewe kumchukua. Muhuri ulikuwa mfukoni mwa shati lake, pamoja na sigara.

Kanso inasema sina ng'ombe mpaka Owori akubali. Owori anasema sina ng'ombe kabisa. Hawajawahi kuonana hawa watu wawili, shemeji, lakini walivyoelewana utadhani walinyonya ziwa moja.

Fanya unaloweza. Mimi sina tena la kukuagiza.

Damalie


Ofisi ya Mwenyekiti wa Kijiji, Pamatongo
15 Machi 2024

Kwa Mkubwa wa Askari wa Kanso,

Salamu nyingi. Nakuandikia Kiswahili maana Kisamia mimi sijui na Kidhopadhola nadhani wewe hujui.

Nathibitisha kuwa ng'ombe mwekundu mliyemkamata Nasirika ni mali ya ukoo wetu, aliyeachwa na marehemu mdogo wangu. Mjane wake ni mwanamke mwenye maneno mengi, msimsikilize. Akija na karatasi isiyo na muhuri wangu, ni ya uongo.

Jumanne nitafika mwenyewe. Nawapongeza kwa kazi nzuri ya kusafisha mji. Hamtaniona nikiondoka bila kuwashukuru, nadhani mnanielewa. Sisi viongozi lazima tusaidiane.

Owori
Mwenyekiti


Mella, kwa Bibi Lillian
19 Machi 2024

Mama Jovia,

Nimemwacha ng'ombe kwa huyu bibi pamoja na barua hii. Nilikuja naye kwa miguu, sikutaka gari. Sikupita Pamatongo kwa sababu unazozijua.

Jana Jumatatu nilikwenda kanso kabla Owori hajafika. Sikuwa na barua wala muhuri. Nilisimama uani kwao, palipokuwa na watu wengi wa kudai vitu vyao, na wengine ni majirani zangu. Nikasema kwa sauti: "Ng'ombe mwekundu ni wangu."

Afande alinitazama. "Mzee, kumbe?"

"Wangu. Nilidanganya mwanzo kwa kuogopa faini."

"Tangu zamani ungesema hivyo," akasema, "sisi hatuna ubaya na mtu." Alikuwa anafurahi, Mama Jovia. Mtu mzima kusema uongo mbele yake ndicho alichokuwa anakingoja. Ukweli wangu haukumpa kitu hata kimoja, uongo ukampa faini. Usiniulize niliitoa wapi.

Nilipouliza habari za ndama akarudia yaleyale: hawamjui. Sikubishana, nilitaka kutoka na mama mtu.

Kwa kanso ng'ombe huyu sasa ni wangu. Kwa hiyo mkamilishe haraka na bibi, mbele ya mwenyekiti wao, nami nimeweka kidole gumba kwenye karatasi nyingine hapa kwa bibi inayosema ni wako na sijawahi kuwa na haki naye. Mimi naweza kufa, na wanangu walikuwa pale wakasikia baba yao akisema "wangu."

Hali yake ni mbaya. Mpeni chumvi.

Maloba


Mella
28 Machi 2024

Shemeji,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ardhi ambayo ni yangu. Bibi Lillian aliona ng'ombe hana ndama, akasema mapatano ni mapatano. Amenipimia nusu, kutoka njiani hadi kwenye kichuguu. Ile sehemu ya mvule, yenye udongo mweusi, amesema ataniwekea hadi nimlete ndama. Mwalimu amekuja mara mbili kuitazama. Simlaumu bibi. Yeye peke yake katika habari hii amefanya alichosema.

Owori alirudi kutoka kwenu amevimba. Nasikia Afande alimwambia, "Mwenyekiti, umechelewa, ng'ombe ilipata baba." Owori alikuwa amebeba jogoo wa kuwashukuru. Jogoo walimchukua.

Lakini kuna jambo ambalo hukuniandikia. Specioza ameniambia. Anasema siku moja baada ya wewe kurudi kutoka Mella, mtu wa Busia aliyekuachia ng'ombe wawili alikuja akawafungua bila kukusalimu. Kisha yule mzee Mwiteso naye akaja kumchukua wake. Anasema zizi lako limebaki na beberu na kinyesi kilichokauka, na kwamba watu sokoni wanasema Maloba naye amejifunza kusema "wangu."

Kwa nini hukuniambia? Nimekaa na jambo hili, na kila nikifikiri narudi kwa yule kijana na chai yake. Mnada ungemaliza ng'ombe mmoja. Yeye amekuharibia jina kwa wote.

Loy amesoma habari yote. Alipofika kwenye ndama aliweka kalamu chini akaniuliza, "Alisema hivyo mbele ya watu? Kwamba hawakumkamata?" Nikasema ndiyo, mbele ya akina mama wa nyanya, na baadaye tena mbele ya majirani. Akacheka, ingawa si kicheko cha furaha. Barua ninayomwandikia Afande nimekutumia nakala uisome.

Damalie


Mella, Tororo
28 Machi 2024

Kwa Afande Paddy,

Mimi ni Damalie Akumu. Ni mwenye ng'ombe mwekundu uliyemkuta Nasirika ndani ya ua wa Mzee Maloba. Ulipouliza ni wa nani, mzee alikataa kunitaja kwa sababu anatunza mali ya watu kwa heshima. Najua mila hiyo unaijua, maana nimeambiwa umezaliwa hukohuko. Uliitumia kama mwizi anavyotumia mlango ulioachwa wazi kwa mgeni.

Ng'ombe alizaa mkononi mwenu. Umesema mara mbili mbele ya mashahidi kwamba kanso haikumkamata ndama na haimjui. Nakubaliana nawe. Kanso haikumkamata. Basi hakuna sheria ndogo iliyomchukua, hakuna faini juu yake, na sihitaji barua ya mwenyekiti yeyote kumdai ofisini kwako. Aliyemtoa zizini alimtoa kama mtu binafsi, na mambo ya mtu binafsi anayechukua mnyama wa mwingine yanapelekwa polisi. Akina mama watatu wako tayari kusema walimwona nani, akiwa na kitenge cha rangi gani.

Nakupa hadi baada ya Pasaka. Ndama arudishwe kwa Mzee Maloba, uani kwake, mahali alipotoka mama yake. Usimlete ofisini. Ofisini kwenu kunanuka.

Damalie Akumu


Nasirika
9 Aprili 2024

Mama Jovia,

Amerudi.

Walimleta na lile gari lao, saa za soko, ili watu waone. Afande alishuka akiwa na miwani myeusi. Akasema, "Mzee, kanso imekusaidia kupata ndama wako aliyepotea. Tumefanya uchunguzi." Kisha akasimama pale, mikono nyuma, akingoja. Sikuelewa anangoja nini. Mke wangu ndiye aliyeninong'oneza: anangoja ashukuriwe.

Mama Jovia, nimeona mzoga wa mbwa mtoni, nimeosha maiti ya kaka yangu aliyekaa siku nyingi majini. Sijawahi kuona kitu kichafu kama mtu yule msafi aliyenyoosha shati.

Sikumshukuru. Nilimshika ndama shingoni nikageukia njia, kulikokuwa na watu, na yule wa Busia aliyechukua ng'ombe wake alikuwemo. Nikasema: "Huyu ni ndama wa Damalie Akumu, mjane wa Odwori. Na mama yake ni wa Damalie. Sikuwahi kuwa na ng'ombe mwekundu." Afande akasema, "Mzee, kwa hiyo ulidanganya ofisi?" Nikamwambia ndiyo, nije ofisini nikamatwe au unanikamata hapahapa? Mama mmoja wa nyanya akapiga kelele, "Mpakie kwenye gari basi! Hujawahi kupakia mzee." Watu wakacheka vibaya. Akapanda gari lake akaondoka.

Yule wa Busia hakuniletea ng'ombe zake. Alinisalimu tu. Hata angeleta singeweza kupokea, kwa kuwa ua wangu bado ni barabara yao na kisu bado wanacho. Kutunza ng'ombe za watu hapa kumekwisha, na hakuna aliyetuuliza.

Ndama ni mzima lakini ameharibika tabia. Walimlea kwa uji wa ndoo, hajui kunyonya, anamfuata yeyote mwenye chombo mkononi. Atazoea.

Njoo umchukue mapema, mwalimu asikutangulie. Njoo mchana, upite njia kubwa, na pale Pamatongo upite mbele ya mlango wa Owori. Akiuliza ni wa nani, usinyamaze.

Maloba